"Kubali Yaishe": Hoja Dhidi ya Ushauri Unaomtwisha Mtalaka Mzigo Wote

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtu ambaye ndoa yake imevunjika hupewa ushauri ambao, ijapokuwa hutoka kwa watu wa kila aina, haubadiliki sana: akubali yaishe. Humwambia hivyo shangazi na somo wake, humwambia hivyo mchungaji na sheikh, na siku hizi humwambia hivyo mshauri nasaha wa kipindi cha redio na mwandishi wa vitabu vya ndoa. Chini ya ushauri huo mna nadharia nzima, kwamba maumivu ya talaka yamo moyoni mwa mtalaka, yaani mtu aliyeachwa au aliyeachana na mwenzake, na kwamba dawa yake imo humo humo, hivyo kinachotakiwa ni asamehe, asahau, amwachie Mungu na kuuacha muda ufanye kazi yake. Asiyepona huhesabiwa kuwa mtu wa kinyongo, au mwenye imani haba, au ambaye bado anamtaka aliyemwacha. Makala haya yanaipinga nadharia hiyo. Hoja yake ni kwamba kukubali mwisho wa ndoa hutegemea matendo ya watu wengi, wakiwemo mwenza wa zamani, koo mbili, viongozi wa dini na mahakama. Kwamba hakuna anayeweza kukubali mwisho ambao haujatokea. Na kwamba jamii inayomhimiza mtalaka apone huku ikimnyima mwisho ulio wazi inamdai kazi ambayo ilipaswa kuifanya yenyewe.

Nadharia inayopingwa ina ukweli ndani yake, na haitakuwa haki kuieleza kana kwamba haina. Ni kweli kwamba kinyongo cha muda mrefu humla mwenye kinyongo kabla ya kumfikia aliyekusudiwa. Ni kweli kwamba wapo wazazi waliowindana mahakamani miaka na miaka mpaka watoto wakakua bila kujua utulivu. Na ni kweli kwamba sala, imani na ushauri nasaha vimewainua wengi waliokuwa wamekata tamaa. Kosa lake liko katika mpangilio. Inamtaka mtu ajisikie ameachana na mwenzake kabla hajaachana naye kwa mali, kwa sheria, kwa malezi ya watoto na kwa macho ya watu, kisha inapoona hisia hizo haziji, inamlaumu yeye badala ya kuuliza ni nini kilichobaki bila kumalizwa. Kumwambia mtu apone wakati mwiba ungali mguuni ni kumfundisha kuchechemea kwa adabu.

Sehemu ya nguvu ya ushauri huu inatokana na elimu ya saikolojia iliyopokewa nusunusu. Wapo washauri wanaofundisha kwamba mtalaka hupitia hatua tano, yaani kukana, kukasirika, kutafuta maafikiano, kuingia katika sonona (huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu ya kuishi na kufanya kazi), na hatimaye kukubali. Hatua hizo zilielezwa na daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1969, naye alizipata katika mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakingoja kufa huko Chicago. Wagonjwa wale walikabili jambo ambalo halikuwa na rufaa wala mdaiwa. Talaka haiko hivyo. Aliyeondoka yu hai, pengine anaishi mtaa wa pili, anaswali msikiti ule ule au anaimba katika kwaya ile ile, ana funguo za nyumba, jina lake limo katika hati ya kiwanja, na anaweza kurudi kesho akidai kwamba hakuna kilichotokea. Kuzichukua hatua za mtu anayekufa na kumvisha mtu anayeachana ni kudhani kwamba mwisho umekwisha kupatikana na kilichobaki ni kuuzoea, ilhali katika talaka nyingi mwisho wenyewe ndio unaogombaniwa.

Zipo kazi za wataalamu zinazolingana zaidi na hali halisi. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kuchunguza kile kinachoweza kuitwa upotevu usio na hakika, yaani hali ya kumpoteza mtu bila kuwa na uthibitisho kwamba amepotea, kama inavyowapata jamaa za askari waliotoweka vitani au wake na waume wa wagonjwa ambao mwili upo lakini fahamu zimeondoka. Alisisitiza kwamba watu wa namna hiyo hukwama kwa sababu hali waliyomo haina mpaka, na kwamba kukwama kwao si dalili ya udhaifu wa tabia. Naye Paul Bohannan, mwanaanthropolojia aliyeanza kazi yake miongoni mwa Wativ wa Nigeria, alieleza katika kitabu alichokihariri mwaka 1970 kwamba talaka moja ni talaka sita kwa pamoja: ya hisia, ya kisheria, ya kiuchumi, ya malezi ya watoto, ya jamii inayowazunguka wawili hao, na ya nafsi, ambapo mtu hujifunza upya kuwa yeye bila yule mwingine. Talaka hizo hazifuati lazima utaratibu mmoja wala haziendi kwa mwendo mmoja, lakini kila iliyosimama huzivuta nyingine nyuma. Ushauri wa "kubali yaishe" huzitazama ya kwanza na ya mwisho tu, na kuziruka nne za katikati, ambazo ndizo mtalaka hawezi kuzikamilisha peke yake.

Mfano wa Tanzania Bara unaonyesha jinsi pengo hilo linavyotokea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inahesabu kwamba ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama, baada ya mahakama kuridhika kwamba imeharibika kiasi cha kutorekebishika, na kwa kawaida shauri halipokelewi mpaka wanandoa wawe wamepita katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo ni chombo cha kata, cha dini au cha jumuiya kilichopewa kazi ya kuwapatanisha, na ambalo likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa. Kwa upande mwingine, Waislamu wengi huichukulia ndoa kuwa imekwisha pale mume anapotamka talaka. Sheria hiyo imeyaunganisha mambo haya mawili, kwani inamruhusu hakimu kutoa amri ya talaka kwa wanandoa wa Kiislamu ikiwa baraza limeshindwa kuwapatanisha na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu. Lakini tendo hilo peke yake, bila baraza na bila mahakama, halitoshi machoni pa dola. Matokeo yake ni kwamba mwanamke anaweza kuwa ameachwa kwa dini na bado akawa mke kwa sheria. Mwezi ule ule anaoambiwa na jamaa zake akubali yaishe, hawezi kudai mgawanyo wa mali waliyochuma pamoja, kwa sababu mamlaka ya mahakama ya kugawa mali huja pamoja na amri ya talaka au ya kutengana, na amri hiyo hajaipata. Akifuatilia, huambiwa anang'ang'ania mali ya mtu. Asipofuatilia, huendelea kuishi kwa kaka yake akiwa na watoto watatu katika chumba kimoja, na huzuni yake huitwa kukosa subira.

Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinaitaka mahakama, inapogawa mali, iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Kwa zaidi ya miaka kumi majaji walitofautiana kama kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi hizo zinahesabika. Mwanamke aliyekata rufaa hakuambulia mgawo mpya, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe kuwa ndizo fungu lake, lakini kanuni iliyotokana na shauri lake ndiyo inayotegemewa hadi leo. Umuhimu wake kwa uponyaji hauishii katika fedha. Mtalaka anayeingia mahakama ya mwanzo na mfuko wa plastiki wenye cheti cha ndoa, hati ya baraza, risiti za mabati na saruji, kadi za kliniki za watoto na stakabadhi za ada, anaiomba mahakama itamke mbele ya watu kwamba miaka ile ilikuwa na kazi ndani yake na kwamba kazi hiyo ilikuwa yake. Ushauri unaomtaka auache mfuko huo nyumbani kwa ajili ya amani ya moyo unamtaka akubali, pamoja na mwisho wa ndoa, kwamba hakufanya lolote ndani ya ndoa hiyo. Kukubali kwa aina hiyo ni kujifuta.

Talaka ya malezi ndiyo inayodumu kuliko zote, na ndiyo inayoifanya kauli ya kusahau kuwa haina maana. Sheria ya Ndoa inaweka ustawi wa mtoto mbele ya matakwa ya wazazi na inadhani, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto wa chini ya miaka saba yu salama zaidi kwa mama yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa na ya kuonana na mzazi asiyeishi naye. Maana yake ni kwamba wawili walioachana wataendelea kuwasiliana kuhusu ada, homa, sare za shule na sikukuu kwa miaka kumi au kumi na tano ijayo. Pale ambapo kiasi cha matunzo, siku ya kulipa na siku za kumwona mtoto vimeandikwa, mawasiliano hayo huwa ya kawaida na hupoa kadiri siku zinavyopita. Pale ambapo havikuandikwa, kila ombi la fedha ya daftari hugeuka kuwa kikao cha kuifukua ndoa upya, na mtu aliyekwisha samehe kwa dhati hulazimika kusamehe tena kila mwisho wa mwezi.

Watetezi wa ushauri wa moyo hupenda kuegemea dini, na hapo ndipo hoja yao inapokuwa dhaifu zaidi, kwa sababu dini zenyewe hazikuiachia mioyo kazi ya kumaliza ndoa. Katika Uislamu ipo eda, yaani muda maalumu ambao mwanamke aliyeachwa hukaa kabla ya kuwa huru kuolewa tena: kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika mwambao, ni twahara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na mpaka kujifungua kwa mjamzito. Ndani ya eda ya talaka rejea, ambayo ni talaka inayomruhusu mume kumrejea mkewe bila ndoa mpya, mke ana haki ya makazi na matumizi. Eda ikiisha bila kurejewa, mlango umefungwa na kila mmoja anajua umefungwa. Sura ya At-Talaq inakataza wanawake kutolewa majumbani mwao katika muda huo na inataka mashahidi wawili, sura ya Al-Baqara inakataza kumrejea mke kwa nia ya kumdhuru, na sura ya An-Nisaa inaonya dhidi ya kumwacha mke akining'inia, si mwenye mume wala asiye naye. Huo ni utaratibu kamili wa kufikia mwisho: una muda, una gharama, una mashahidi na una tarehe. Aghalabu desturi imeukatakata, kwa kuwa mwanamke hurudishwa kwao siku ile ile na begi lake, mashahidi hawaitwi, matumizi ya eda hayalipwi, na kilichobaki cha dini ni agizo la kusubiri tu. Anayemwambia mwanamke huyo avute subira kwa jina la dini amechukua fungu moja la sheria na kuyaacha mafungu yaliyomlinda.

Kanisa Katoliki, ambalo halitambui talaka, linathibitisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mkatoliki mwenye amri ya mahakama ya serikali bado ni mwanandoa mbele ya kanisa lake, isipokuwa mahakama ya kanisa itamke kwamba ndoa ile ilikuwa batili tangu mwanzo. Mwaka 2015 Papa Francis alirahisisha utaratibu huo, akiondoa sharti kwamba hukumu ya ubatili lazima ithibitishwe na mahakama ya pili. Kama uponyaji ungekuwa suala la moyo pekee, mageuzi hayo yasingekuwa na faida kwa yeyote. Yalifanyika kwa sababu ilitambuliwa kwamba kukaa miaka mingi bila jibu ni dhara lenyewe.

Nadharia ya moyo inawaumiza wanaume pia, ijapokuwa kwa namna tofauti. Mwanamume aliyeachwa haambiwi sana asamehe. Huambiwa aoe haraka, kana kwamba pengo la mtu huzibwa na mtu, na kwa kuwa hatarajiwi kulia, huzuni yake hutafutiwa mahali pa kujificha katika pombe, kazi au ukali. Ndoa mpya inayofungwa wakati ya zamani haijamalizwa huurithi mzigo wake wote: deni la matunzo, kesi ya nyumba, mahari ambayo ukoo mmoja unataka irudishwe na mwingine unakataa, na watoto wasiojua wamwite nani mama. Mke mpya naye hutakiwa kuwa na moyo mkubwa, na hivyo kazi iliyokataliwa kufanywa na watu wazima wawili mbele ya hakimu huhamishiwa kwa mtu wa tatu asiyehusika.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba mwisho ulio wazi utaifanya talaka iwe rahisi, na kwamba jamii zilizoishi kwa msemo kwamba mvumilivu hula mbivu zilihifadhi familia. Hoja hiyo huchanganya mambo mawili. Uvumilivu ni fadhila ndani ya ndoa iliyo hai. Baada ya ndoa kufa, kinachoitwa uvumilivu ni kuchelewesha maziko. Tena, picha ya zamani yenye wanawake walionyamaza haiafikiani na kumbukumbu zilizopo. Mtafiti Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha kwamba wanawake wa Kiswahili, waliotarajiwa kuvumilia na kutunza siri za nyumba, walikuwa wakienda kwa kadhi, wakisimulia mambo ya ndani mbele ya hadhara, na mara nyingi wakishinda. Walilipa kwa sifa zao, kwa kuwa kusema kwenyewe kulihesabiwa aibu, lakini walijua jambo ambalo washauri wa leo wanalisahau: kwamba malalamiko yaliyosikilizwa na kuamuliwa huacha kuwa malalamiko. Aidha, mtu anayelazimika kuandika matunzo, kugawa mali na kukaa mbele ya baraza hupata nafasi ya kufikiri mara mbili, wakati anayeweza kuondoka na begi bila kuulizwa chochote ndiye ambaye talaka kwake ni rahisi kweli.

Upande huo unaweza pia kusema kwamba wapo wenye hati zote, nyumba na matunzo ya kila mwezi, ambao usiku bado hawalali. Hilo ni kweli na halipaswi kukanushwa. Talaka ya nafsi, ile ya sita katika orodha ya Bohannan, haiwezi kuamriwa na hakimu. Inahitaji muda, marafiki wasiochoka kusikiliza, na mara nyingine mtaalamu, hasa pale ambapo ndoa ilikuwa na kipigo au dharau ya muda mrefu. Lakini mtu huyo analia juu ya jambo lililokwisha, na kilio cha namna hiyo kina upande kinakoelekea. Msamaha nao, ambao ndio moyo wa ushauri unaopingwa, unapata maana yake hapo: mtu husamehe deni linalojulikana kiasi chake na aliyelitenda. Msamaha unaodaiwa kabla ya deni kutajwa ni unyamazishaji, na anayefaidika nao zaidi ni yule ambaye hataki hesabu ifanywe.

Kwa hiyo mshauri anayetaka kumsaidia mtalaka, awe somo, padri, sheikh au mtaalamu mwenye cheti, ana wajibu wa kuuliza maswali ya kawaida kabla ya kuugusa moyo. Je, talaka imetamkwa, na nani alishuhudia? Je, baraza limetoa hati yake, na mahakama imetoa amri? Nyumba ni ya nani, kiwanja kimeandikwa jina la nani, mahari imezungumzwa na kumalizwa au bado koo zinadaiana? Watoto watalala wapi, watalipiwa ada na nani, na wataonana lini na mzazi wa pili? Jamaa wa pande zote mbili wameambiwa, au mtalaka bado anaendelea kujibu salamu za mawifi kana kwamba yuko safarini? Maswali hayo hayana mvuto wa mahubiri, na majibu yake huhitaji nauli, foleni na ujasiri wa kukaa mbele ya watu. Hata hivyo majibu yake yakipatikana, mtalaka atakuwa na kitu cha kukubali, na mara nyingi atakikubali bila kuhimizwa na mtu. Yasipopatikana, kumwambia apone ni njia ya heshima ya kumwambia anyamaze.